Shanga Zisizo na Vumbi

Muuguzi alikata uzi wa shanga kiunoni mwa Imakulata kwa mkasi mdogo, akazitumbukiza shanga kwenye bakuli la dawa ya kuulia vijidudu. Wodi ile haikuruhusu shanga. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefanya hivyohivyo kwa mtoto wa kitanda cha jirani, aliyeletwa na mguu uliovunjika. Mabakuli mawili yakakaa bega kwa bega juu ya meza ya chuma, na Filomena Kikoti, mama yake Ima, akawa anayatazama mabakuli kwa sababu moyo wake haukuthubutu kumtazama mtoto.

Ima alikuwa na miaka minne. Homa ilikuwa imemng'ang'ania, fizi zikitoa damu, miguu imejaa madoa ya zambarau kana kwamba kuna mtu alimfinya akiwa usingizini. Asubuhi hiyo daktari alikuwa ametamka jina la ugonjwa bila kuzungukazunguka: saratani ya damu.

Kwenye bakuli la mtoto wa jirani, magamba ya shanga yalianza kuyeyuka. Dawa ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya mvua ya kwanza ikipiga ardhi kavu ikajaa pembe ile ya wodi. Kwenye bakuli la Ima magamba nayo yaliyeyuka, lakini dawa ilibaki kama ilivyomiminwa. Chini kulikuwa na chenga za kioo, basi.

"Hizi za kwako mbona safi hivi?" muuguzi aliuliza. "Mlimvalisha za dukani?"

"Za dukani?" Filomena alisema. "Daktari Chilongani ndiye aliyemfunga, kwa mikono yake. Mtani wangu."

Muuguzi akajifanya anatafuta plasta.

Wasiokulia Dodoma wanaweza kushangaa kwa nini mwanamke mzima atetemeke kwa ajili ya dawa isiyochafuka. Tangu miaka ya vumbi kuu, nyumba zote za mji zilizibwa, kila dirisha likawekewa kichujio, na mtoto hakukanyaga udongo mpaka afikie umri wa shule. Vifua vya watoto vikapona. Kisha, taratibu, saratani ya damu ikaanza kuwaokota mmojammoja. Wataalamu wa Nyumba ya Usomaji, pale juu ya majabali nje ya mji, wakaja na jibu: kama mtoto haendi kwenye vumbi, vumbi na limwendee mtoto. Wakalifuga vumbi, wakalitia ndani ya shanga, na akina mama wakazipokea kwa vigelegele. Nani angekataa? Bibi zao walifunga watoto shanga tangu enzi, na hakuna bibi aliyehitaji kuelezwa na maabara.

Filomena alizichota chenga zile kwa kijiko, akazifunga kwenye leso.

*

"Kamwene, mla mbwa!" Damari Chilongani alipaza sauti alipomwona mlangoni mwa ofisi yake, Nyumba ya Usomaji. "Leo umekuja kuniibia nini?"

Ndivyo walivyosalimiana siku zote. Damari alikuwa Mgogo, Filomena Mhehe wa Kalenga, na kati ya Mgogo na Mhehe hakuna shikamoo wala marahaba, hata mmoja akiwa mkubwa kwa mwenzake kama Damari alivyokuwa. Kuna matusi matamu tu. Mtani anakuita ombaomba, nawe unamwuliza mbwa wa jirani kapotelea sufuria gani. Mtani akiingia kwako anabeba kuku na huruhusiwi kununa. Ukifiwa, ndiye anayekuja kukuchekesha ukiwa umeshika jeneza. Watu hawa wawili walikuwa wameishi hivyo tangu Filomena ahamie mtaa wa Ipagala, msichana mgeni aliyepata kazi ya kutangaza treni stesheni, asiye na ndugu mjini. Damari ndiye aliyekuwa ndugu.

Filomena hakujibu tusi. Aliifungua leso juu ya meza.

Damari alizitazama chenga. Kicheko kikamwisha usoni.

"Nani kaziweka kwenye dawa?" aliuliza.

Hapo Filomena akajua. Mtu asiye na neno moyoni angeuliza kwanza mtoto yukoje.

"Ima ana saratani ya damu, Damari."

Damari alikaa kitini kwa uzito, akajifunika macho. Machozi yalimtoka, na hilo ndilo lililomuuma Filomena zaidi, kwa sababu yalikuwa machozi ya kweli.

"Sema," Filomena alimwambia. "Nimekuja unisimulie, sikuja kukubembeleza."

"Kila mtoto anayezaliwa mji huu tunamsoma jeni zake," Damari alianza, kwa sauti ya mtu anayefundisha, maana hakuwa na nyingine ya kujificha nyuma yake. "Jeni za watu hazifanani. Hapa herufi moja imebadilika, pale nyingine, na nyingi hazina madhara. Ima ana tatu zilizokaa pabaya. Zenyewe si ugonjwa. Wako wazee wamezeeka nazo na hawajui. Lakini mtoto mwenye hizo, chembe zake nyeupe zikichelewa kukutana na vijidudu, siku zikikutana navyo hupagawa. Zinazaliana ovyo kwenye uboho wa mifupa mpaka zinaziba nafasi ya damu nzuri. Ndiyo kazi ya shanga. Jasho linayeyusha gamba kidogokidogo, vijidudu vipole vinapita kwenye ngozi, kinga ya mwili inajifunza mapema."

"Shanga za Ima hazikuwa na vumbi."

"Hazikuwa na kitu."

"Wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyezijaza zote. Ninamaanisha, zile za kujazwa." Damari alifuta pua. "Watoto wenye tofauti hizo tuliwagawa. Nusu zenye vumbi, nusu tupu. Mashine ilichagua, si mimi. Bila kundi la kulinganishia tungejuaje kama zinafaa? Tungejuaje kama haziui? Mtani, miaka ile hakuna aliyejua. Huenda waliopata tupu ndio wangekuwa na bahati!"

Filomena hakuwa mjinga. Aliuona ukweli ulivyokaa ndani ya maneno yale, akauchukia.

"Na sasa?"

Damari alitazama dirishani.

"Nimekuuliza. Na sasa?"

"Tangu mwaka jana imeonekana. Zinafaa."

Mwaka jana. Krismasi ya mwaka jana Damari aliila sebuleni kwa Filomena. Alimpakata Ima, akamlisha minofu ya kuku aliyoinyofoa mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vikichezea shanga kiunoni mwa mtoto, vikizipitisha mojamoja kama mtu anayesali rozari. Filomena alikumbuka jinsi alivyoona picha ile ni nzuri. Alikuwa hata ameipiga na kuitundika ukutani.

"Hesabu zikikatizwa katikati, watasema ni bahati," Damari alisema haraka. "Serikali haitanunua shanga kwa nchi nzima kwa sababu ya bahati. Imebaki miezi michache tu. Na sheria inamkataza msomaji kumwambia mzazi, hata awe ndugu yake. Unajua walivyofanywa wale watoto wa kwanza, siri zao zilipovuja? Walikataliwa shule. Waliitwa damu mbovu." Akainua uso. "Na mimi nilikuambia, Filomena. Mbele ya watu. Siku ya ubatizo."

Filomena akaikumbuka siku ile. Ua lilikuwa limejaa wageni, pilau inanukia. Damari alisimama mlangoni, akauziba kwa mikono miwili kama desturi ya mtani inavyomruhusu, akadai jogoo ndipo mtoto apite. Kisha akainua shanga juu, akapiga kelele: "Waheshimiwa, shanga za Mhehe huyu nimezileta tupu! Za kujaa nimewapa Wagogo wenzangu!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Filomena mwenyewe alicheka mpaka maziwa yakamtoka kifuani, akajibu, "Basi rudi nazo ukaombee barabarani!" Na Damari naye alicheka, akampigia magoti mtoto, akamfunga zile shanga.

"Ulijua nitacheka," Filomena alisema. "Ndiyo maana ukasema."

Damari alikimbilia ahadi.

"Nimemwekea Ima nafasi. Hapa ndani tuna susu, mashine ya kufundishia chembe. Tunachukua chembe zake mwenyewe, tunazifunza kuwinda zile zilizoasi, tunamrudishia. Hakuna kung'oka nywele, hakuna kutapika. Mtu wa kwanza atakuwa Ima, nakuapia. Lakini usiseme, mtani. Ukisema, watafunga Nyumba, na susu litafungwa nayo. Keshokutwa ni siku ya kuongeza shanga. Njoo ukae kama kawaida, watu wasiulize."

*

Lusiano, mume wa Filomena, fundi umeme wa bwawa la Mtera, alifika kwa basi la mchana na viatu vyenye tope. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama kwenye korido ya wodi, akalipiga teke pipa la taka, akaliinua tena kwa aibu.

"Nyamaza," alisema mwishowe.

"Ninyamaze?"

"Mtoto kwanza. Akishapona nitakwenda mwenyewe nikalibomoe lile jumba jiwe kwa jiwe."

"Kuna watoto wengine wamevaa tupu, Lusiano. Wengine hata hawajafika umri ambao shanga hazisaidii tena. Wakivalishwa zenye vumbi leo, huenda wasilale hapa."

"Wana mama zao."

"Mama zao hawajui."

"Wewe ulijua? Kuna aliyekuonea huruma?" Sauti yake ilikatika. "Mama Ima, daktari wa hapa kaniambia dawa za zamani zipo na watoto wengi wanapona nazo. Wengi. Hakusema wote. Miaka ya sindano za uti wa mgongo. Unamtazama mwanao machoni unamchagulia hiyo, na ile nyingine ipo?"

Filomena aliona mume wake anasema kweli. Mzazi gani angesema vingine? Akaamua atakwenda, atakaa, atarudi. Lakini asubuhi ya siku yenyewe, kabla hajatoka wodini, alimwomba muuguzi chupa ya ile dawa. Muuguzi hakuuliza ya nini. Aliijaza mpaka shingoni.

*

Ukumbi wa Nyumba ya Usomaji ulijaa akina mama na watoto. Siku ya kuongeza shanga ilikuwa kama sikukuu: viuno vya watoto vimenenepa, nyuzi zimebana, wasomaji wanakaa kwenye mikeka wakiongeza shanga mbili hapa, tatu pale, huku maandazi yakizunguka. Filomena alijibanza benchi la nyuma.

Karibu yake alikaa mama mmoja kijana, mtoto wake amevalishwa sweta mbili na kofia ya sufu, jua la Dodoma linachoma nje. Mtoto alikuwa amelowa.

"Ataungua huyo," Filomena alimwambia.

"Acha tu, dada. Daktari kasema jasho ndilo linaloyeyusha. Basi mimi kila siku namvalisha hivi nusu saa, namchezesha mpaka alowe. Analia, na mimi nalia naye, lakini afadhali alie leo." Alimfuta mtoto shingo kwa upole. "Wewe wako yuko wapi?"

Filomena alijiona mwenyewe, miaka mitatu nyuma, akimrukisha Ima kitandani ndani ya blanketi la Lusiano. Mtoto analia, yeye anamwimbia, na jasho linatiririka juu ya vioo vitupu. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Hakuwahi kuwa na hasira ya namna ile, hata kwenye korido ya wodi.

Wakati huohuo Damari, aliyekuwa jukwaani na kipaza sauti, alimwona. Labda alitaka kuhakikisha. Labda alikuwa anaomba, kwa njia pekee aliyoijua, kwamba mambo yabaki yalivyo.

"Jamani, Mhehe wangu kafika!" alisema. "Fungeni mbwa wenu!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Vichwa vikageuka kumtazama Filomena, maana mtani akitupa lazima mwenzake arudishe, na hawa wawili walijulikana. Filomena alisimama, akapita katikati ya mikeka, akapanda jukwaani, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Damari. Damari alikiachia akiwa bado anatabasamu.

"Shanga alizomfunga mwanangu zilikuwa tupu," Filomena alisema.

Wakaangua kicheko. "Mgogo kala vumbi lote!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, wakacheka tena. Wapo waliopiga makofi.

Filomena aliwaacha wacheke. Aliona sasa jinsi ilivyofanywa, tena jinsi ilivyokuwa rahisi: unauweka ukweli ndani ya utani, watu wanaupokea kwa meno yote thelathini na mawili, kisha unalala usingizi mzuri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hiki kilikuwa kimekuja na vigelegele.

Alibadilisha sauti. Akatoa ile ya stesheni, ambayo kila mtu pale alikuwa ameisikia akisubiri treni na mizigo yake miguuni.

"Tangazo. Leo sitanii. Utani wangu na Damari Chilongani umekufa leo, na nyinyi ni mashahidi."

Kicheko kilikatika kama kamba. Neno lile halisemwi. Watu huapizana, hushtakiana, huachana na waume zao, lakini utani haukuanzishwa nao na hawana ruhusa ya kuuzika. Mzee mmoja aliyeleta mjukuu alivua kofia.

"Mwanangu Imakulata yuko wodini na saratani ya damu. Watoto wenye tofauti fulani za jeni waligawanywa. Wengine walipewa shanga zenye vumbi, wengine tupu, na tangu mwaka jana hapa ndani wanajua kwamba zenye vumbi zinafaa. Sikuja na maneno. Nimekuja na dawa ya wodini. Atakaye aje apime."

Aliliondoa andazi la mwisho kwenye bakuli lililokuwa pale jukwaani, akamimina ile dawa. Damari hakumzuia. Alikuwa amesimama palepale, mkono ukiwa bado umekunjwa kana kwamba umeshika kipaza sauti.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa sweta. Alikata ushanga mmoja kwa meno, akaudondosha. Wakasubiri. Dawa ikachafuka, ikawa kahawia, harufu ya mvua ikapanda, na yule mama akaketi chini sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja, akimbusu mtoto kofia.

Wa pili alikuwa mwanamke mnene mwenye mapacha. Filomena alimwaga dawa ile, akamimina nyingine. Wakasubiri. Mwanamke aliinama zaidi, akalitikisa bakuli kidogo, akasubiri tena.

"Labda huu mmoja ni mbovu," alisema. "Nikate mwingine?"

Ukumbi mzima ulianza kukata nyuzi.

*

Nyumba ya Usomaji ilifungwa wiki hiyohiyo, lakini si kabla akina mama hawajaketi mlangoni mpaka shanga zote zilizojaa zilizokuwa ghalani zikatolewa na kufungwa viunoni mwa waliokuwa na tupu. Kisha kufuli likawekwa, na susu la kufundishia chembe likabaki ndani, limezimwa. Lusiano alikaa siku kadhaa akimsemesha mkewe kwa mambo ya chakula na nguo tu. Siku Ima alipochomwa sindano ya kwanza ya uti wa mgongo, yeye ndiye aliyemshika. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa Filomena, akaegemeza paji la uso begani kwake. Hakusema kama amesamehe.

Dawa za zamani zilifanya kazi yake ya zamani. Nywele za Ima zilitoka kwa vishungi, akatapika, akakonda, na kila daktari alipopita na karatasi za damu Filomena alimsoma uso kabla hajazisoma namba. Zilikuwa zinakwenda vizuri. Vizuri si kupona. Aliyelichagua hilo ni yeye, na hakukuwa na usingizi ambao ungemsahaulisha.

Alasiri moja Damari alitokea mlangoni mwa wodi. Hakuwa na koti jeupe. Alikuwa amejifunga khanga kama mtu wa kawaida, na mkononi alikuwa na kuku wa kuchemsha kwenye chombo. Alisimama pale, hakuingia, akimtazama Filomena. Alikuwa anasubiri tusi. Uso wake wote uliliomba. Angeitwa mwizi, mchawi, ombaomba, angevuliwa viatu vikatupwa dirishani, angeshukuru, kwa kuwa mtu humtukana mtani wake tu namna ile.

Ima ndiye aliyemwona kwanza. Aliinua kichwa chake chenye upara kutoka kwenye mto.

"Ombaomba kaja!" alisema kwa sauti ndogo, akacheka. "Mama, mfiche kuku!"

Damari alitabasamu. Akapiga hatua moja ndani.

Filomena alisimama. Alivuta kiti cha wageni, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka sawa. Kisha akakunja magoti kidogo na kuinamisha kichwa, kama alivyofundishwa na mama yake kule Kalenga kuwasalimu wakubwa wasio wake.

"Shikamoo, Daktari," alisema. "Karibu ukae."

Damari alifungua kinywa. Marahaba haikutoka.

"Mama," Ima aliuliza, "mbona unamsalimia kama mgeni?"